Kuni za Matanga ya Mama

Tarehe saba ya mwezi wa tano, mwaka juzi, mlima ulichukua jiko letu na mke wangu akiwa ndani yake.

Ilikuwa mchana. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikapungua, na watu wa upande wetu wa Karambi walikuwa wameanza kutoka nje kuangalia kahawa yao. Mimi nilikuwa Bwera, kwenye kibanda changu cha kushona viatu. Mama yangu alikuwa kwenye nyumba kubwa. Anasema hakusikia ngurumo. Alisikia kitu kama mtu anayeburuta gunia zito nyuma ya nyumba, na alipotoka kuuliza ni nani, jiko halikuwapo. Kulikuwa na udongo mwekundu mbichi, na juu yake mgomba mmoja umesimama wima na majani yake yote, kana kwamba umepandwa hapo.

Majirani walichimba kwa majembe na kwa mikono. Nilipofika walikuwa wameshamtoa. Walikuwa wamemlaza barazani na kumfunika shuka, na mtu fulani alikuwa amemfuta uso. Sikuuliza ni nani. Hadi leo sijui, na ningependa kumshukuru.

Nyumba kubwa haikuguswa. Watu walilisema sana jambo hilo siku zile, kwamba katika mabaya yote tuna bahati. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikautazama mlima, nikaona kwamba kilichoanguka ni kidogo kuliko kilichobaki.

Kwetu mtu akifa, moto wa matanga huwashwa uani na hauachwi uzimike mpaka siku ya kumaliza msiba. Na kuni za moto huo hutoka kwenye shamba la wenye msiba wenyewe. Unaweza kuletewa maji, ndizi, maharagwe, chumvi, hata shuka ya kumzikia mtu wako. Lakini kuni zikitoka kwa jirani, wazee hukaa kando ya moto huo wamenyamaza kwa namna ambayo mwenye nyumba anaielewa. Ndiyo maana kila boma la kwetu lina kijisitu chake. Mtu akipanda miti husema ni ya kuuza, ni ya mbao, ni ya kujengea. Ni kweli. Lakini anajua pia itaanza kutumika siku gani.

Baba alikuwa na paini. Aliipanda kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba kwa sababu muhogo haukukubali pale, na ilikua ikawa mirefu na mizuri. Alipokufa tuliikata. Mingine ikawa mbao za jeneza lake, mingine ikawa moto wake, na kwa kuwa wapasuaji walikuwa wameshakuja na msumeno, ukoo ukasema waimalize yote, itasaidia. Ulikuwa msiba mkubwa. Moto uliwaka vizuri na watu waliusifu. Mlima ukabaki na visiki.

Kwa hiyo siku ya mke wangu hatukuwa na hata gogo moja. Kuni alileta jirani wa ng'ambo ya korongo, askari mstaafu aliyeoa kwetu akabaki, ambaye ana shamba la kalitusi. Watu wote humwita Afande, hata mke wake. Alikuja na watoto wake, kila mmoja na mzigo kichwani, akautua uani.

Nilianza kumwambia kwamba kwa desturi yetu ilipaswa kuwa kuni zetu.

"Washa," alisema. "Maneno baadaye."

Nikawasha. Mama alikaa kando ya moto ule siku zote za msiba, na sikumwona akiutazama.

Tulipokwisha kumaliza matanga, aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti.

"Mwanangu, panda miti. Mimi sitaki kuota moto wa watu siku yangu."

"Mama, mtu haoti moto wa msiba wake."

"Wewe umejuaje?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuchagua miti. Nilikuwa natafuta mti wa kuushika mlima ule usije ukachukua na nyumba iliyobaki, na mama ndani yake. Mama alikuwa anatafuta mti utakaokomaa kabla yake. Kila nilipomtajia aina mpya aliuliza swali hilo hilo moja: huo unachukua miaka mingapi? Nilipomtajia mvule alicheka mpaka akakohoa. Nilipomtajia musizi alihesabu kimya, akatikisa kichwa. Hakuwa mgonjwa. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza saa ya basi.

Pale Bwera, karibu na kibanda changu, kuna mzee Mkongomani anayeuza mbao. Alivuka mpaka akitoka pande za Butembo wakati wa vurugu za kule, na rozari yake huitundika kwenye msumari juu ya mbao zake. Viatu vyake navishona mimi. Nilikwenda kumwuliza, kwa sababu mtu anayepasua miti maisha yake yote huiona ndani.

"Unataka muti ya kujenga ao muti ya kuchoma?" aliuliza.

"Yote mawili. Na ishike mlima."

Alicheka. "Fundi, wewe unatafuta bibi mwenye anapika, analima, anaimba kanisani, na hakasirike hata siku moja." Halafu akakumbuka. Alivua kofia yake, akaishika mkononi. "Unisamehe. Mudomo yangu iko na mbio."

Nilimwambia si kitu. Mteja akapita akauliza bei ya mlango, akaenda.

"Paini usipande tena," alisema hatimaye. "Ile ukiikata, iko maiti. Haizale mutoto. Muzizi inaoza mu udongo, pole pole, mutu haone. Kalitusi, ile iko kama soldat, kama askari. Inafika mbio, inakunywa maji yote, na ukikata kichwa yake inarudia batatu. Grivelia iko muzuri kwa kahawa. Lakini kwa mulima weka musambya. Inakawia. Ukikata, inachipuka, na muzizi inabaki hai. Kwetu ile ndiyo banafanya nguzo ya nyumba, na mchwa hazitake."

"Inakawia kiasi gani?"

"Mbona unauliza? Uko na haraka ya kufa?"

Sikumwambia ni nani aliyekuwa anauliza.

Nilipanda kwenda Karambi kuchimba mashimo. Nilikuwa sijaukanyaga mteremko ule tangu siku ile. Nilipofika kwenye kisiki cha kwanza cha paini ya baba nilikishika ili nijivute juu, na kikatoka mkononi. Nilianguka nacho. Nilipokiangalia kilikuwa kimebaki gamba, na ndani yake unga mwekundu uliolowa. Nikashika mzizi wake uliokuwa unaingia chini na kuuvuta. Ulitoka bila ubishi, mrefu kunipita mimi, na ulikuwa mtupu kama mrija. Pale ulipokuwa umelala kulibaki tundu, na kwenye tundu lile maji yalikuwa yanatiririka, ingawa mvua haikuwa imenyesha wiki ile.

Nilivuta mingine. Yote ilikuwa hivyo. Niliacha kuvuta kwa sababu nilianza kuogopa kile nilichokuwa nakiondoa.

Ndipo nilipopanda zaidi na kuuona ufa. Ulianzia kwenye ukingo wa pale palipobomoka, ukapita juu ya nyumba kubwa, ukaenda mpaka kwenye migomba ya upande wa pili. Ulikuwa na upana wa kiganja. Lakini haukuwa wazi. Ulikuwa umejazwa, kwa uangalifu, mwanzo mpaka mwisho, na kilichoujaza kilikuwa jivu. Nilichukua kidogo nikalisaga vidoleni. Kulikuwa na vipande vya mkaa na ganda la yai.

Mama alikuwa anamenya ndizi nilipomkuta.

"Mama, ule ufa wa juu unaujua."

"Naujua."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa msiba. Ulikuwa mdogo, kama uzi. Nikaona nikiuziba maji hayataingia." Aliendelea kumenya. "Jivu la ule moto lilikuwa jingi, na halikuwa letu. Sikujua pa kulitupa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenihamisha."

Nilimwambia kwamba kweli nitamhamisha. Nina chumba Bwera nyuma ya kibanda, si kikubwa lakini sakafu yake ni ya saruji na mahali pake ni tambarare. Aliniuliza baba yangu amezikwa wapi. Nikasema hapa. Aliniuliza mke wangu amezikwa wapi. Akasema basi, wewe nenda Bwera kwenye saruji, mimi nitakaa na watu wangu.

Nilimwita Afande aje auone, kwa sababu nilidhani mtu wa jeshi anaweza kumwamuru. Alipanda, akauangalia ufa, akauwekea mguu mmoja upande huu na mmoja upande ule, akashuka. Uani akasimama mbele ya mama.

"Mama, toka hapa. Leo. Chukua godoro, toka."

"Afande, wewe ndiye uliyetoka jeshini," mama alimjibu. "Mimi sikuwahi kuingia."

Afande alicheka, na nilipomwona anacheka nilijua ameshindwa.

"Sawa," alisema. "Fundi, kama hatoki, panda kalitusi. Acha mambo ya musambya. Kalitusi mwaka wa tano unakata nguzo."

"Umesikia?" mama aliniambia. "Mwaka wa tano."

"Itakunywa maji yote ya chemchemi tunakoteka, mama. Na si mti wa kupandwa karibu na nyumba."

"Chemchemi ina maji mengi mno sasa. Acha inywe."

Tukakubaliana hivi: mteremko wote ni wangu, nitaupanda musambya. Chini, kati ya nyumba na kahawa, atapata mistari yake ya kalitusi. Nilijua si vizuri. Nilipanda kwa sababu aliomba, na kwa sababu katika mwaka ule lilikuwa jambo pekee aliloniomba ambalo niliweza kulifanya.

Miche ya musambya niliipata kwenye kitalu njia ya Kasese. Kalitusi alitoa Afande. Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza tulipanda, mimi na Afande juu, mama chini. Afande hakutaka mchezo: alitaka kila mstari upite kwa kukingama mlima, sawa kabisa, kwa kamba, kutoka kigingi hadi kigingi. Nilipoweka mche mmoja nje ya kamba kwa upana wa kidole aliung'oa.

"Hapa si sokoni," alisema. "Nyoosha."

Tulipomaliza, mteremko ulikuwa kama daftari la mtoto. Nilisimama mwisho wa mstari wa kwanza, nikafumba jicho moja, na niliona mche mmoja tu. Mingine yote ilikuwa imejificha nyuma yake.

Mwaka uliofuata musambya ilikua kama alivyosema Mkongomani, kwa kukawia. Kalitusi ya mama ilikimbia. Kila Jumapili nilipotoka kanisani na kupanda nyumbani, alikuwa ananipeleka kwanza kuitazama kabla sijala. Aliipima kwa mwili wake. Ilimfika kiunoni. Ilimfika begani. Siku moja alinisubiri njiani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Imenipita." Alisema kwa furaha, na alitaka nifurahi pia. Niliisifu. Ilikuwa kweli miti mizuri.

Mke wangu alikuwa na mazoea ya kukusanya kuni jioni na kuzipanga nje ya jiko, nyembamba mbele, nene nyuma. Nilijikuta siku zile nikizipanga hivyo nyuma ya kibanda changu Bwera, ingawa mimi napikia makaa.

Mvua za mwisho wa mwaka jana zilikuwa nyingi. Msimu ulipofika katikati nilikwenda kupalilia musambya. Nilianzia mwisho wa mstari wa kwanza, mahali pale pale nilipokuwa nimesimama mwaka wa kupanda, nikainua macho. Niliiona miche yote. Mstari ulikuwa umejipinda. Mwisho wa huku na wa kule ulikuwa mahali pake, lakini katikati, juu ya nyumba kabisa, ulikuwa umeshuka kama kamba ya kuanikia nguo inavyoshuka ikibeba blanketi.

Hakuna mche uliokuwa umekufa. Hakuna hata mmoja ulioinama. Majani yalikuwa mazuri, na magugu yaliyouzunguka kila mche yalikuwa mahali pake. Vyote vilikuwa vimesogea pamoja na udongo wake, polepole, bila kumwambia mtu.

Nilitafuta kamba nikaifunga kwenye vigingi vya mwanzo. Miche ya katikati ilisimama chini ya kamba kwa urefu wa mkono wangu. Nilimwita mama. Alipanda kwa fimbo, akachukua muda. Aliitazama kamba, akaitazama miche.

"Kamba yako imelegea," alisema.

Niliivuta mpaka ikalia.

Mama alishuka, na mimi nikamfuata nyuma nikiwa nimenyoosha mikono, kwa sababu ardhi ilikuwa laini chini ya miguu yake.

Baada ya hapo mambo yalikuja karibu karibu. Mlango wa chumba cha mama ukakataa kufunga. Niliuranda chini, wiki iliyofuata ukakataa tena, sasa kwa juu. Chemchemi ikakauka. Majirani walifurahi, wakasema mlima umetulia, maji yamekwisha ndani yake, na mama aliyarudia maneno hayo kwangu akitaka niyakubali. Siku chache baadaye maji yalitokea chini ya kitanda chake. Yalikuwa safi, baridi, yakitoka taratibu kwenye sakafu ya udongo. Aliweka beseni.

"Angalau siendi mbali kuteka," alisema.

Nilikwenda kwa Afande. Asubuhi iliyofuata alikuja na wanaume wa kijiji na engozi, ile machela ya kusuka ambayo kwetu watu hubebea wagonjwa kuwashusha barabarani. Waliiweka uani. Mama alitoka, akaitazama, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani mgonjwa hapa?"

Mmoja wa wanaume aliinama akanyoosha kamba ya engozi.

"Na aliyekufa?"

"Mama," Afande alisema, na sauti yake haikuwa ya amri, "sitaki kuja hapa na jembe mara ya pili."

Mama akaingia ndani. Tulidhani amekataa. Alitoka amevaa nguo ya kanisani na ameshika godoro lake limekunjwa, akampa Afande alibebe, na akapita kando ya engozi bila kuigusa. Alipita kwenye makaburi bila kusimama, jambo lililonishangaza. Aliposimama ni kwenye kalitusi. Aliushika mti mmoja kwa mikono miwili, kama unavyoshika shingo ya mtungi, kuona unene wake. Vidole vyake vilikutana.

"Bado," alisema. Na akashuka kwa miguu yake mpaka barabarani, sisi tukiwa nyuma na engozi tupu.

Tangu wakati huo anakaa nami Bwera. Kitanda changu nimempa. Hapendi kelele za boda, na hapendi saruji, anasema inamnyonya miguu. Mkongomani humletea vipande vya mbao vya kuwashia makaa na kumwita mama mukubwa, na yeye humwuliza kila kipande kimetoka kwenye mti gani. Siku moja alimwuliza ni mbao gani nzuri kwa jeneza. Yule mzee, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, alitazama rozari yake, akasema hajui, yeye huuza mbao za milango.

Mlima haujaanguka. Watu wengine wa kule wameanza kusema tulikimbia bure. Sijui kama nina haki ya kupanga mvua izidi au ipungue katika sala zangu, kwa hiyo nataja majina ya wafu wetu na kuishia hapo.

Afande ndiye anayekwenda kuangalia, kila mvua ikikatika. Leo asubuhi alipiga simu nikiwa natia uzi kwenye sindano. Alisema bado iko. Nyumba bado iko, makaburi yako, musambya iko. Mama alinyoosha mkono, nikaiweka simu sauti ya nje nikampa.

"Afande, kalitusi yangu imefika wapi?"

"Imekua, mama. Imekua vizuri sana. Ukisimama njiani unaona vichwa vyake vimepita paa la nyumba."

Mama alisogeza kando ungo wa maharagwe aliokuwa anachambua.

"Miti imepanda," aliuliza, "au paa limeshuka?"

Nilisikia upepo wa kule juu, na mbwa wake.

"Sijui, mama," alisema.

Mama alinirudishia simu, akavuta ungo karibu, na kuendelea kuchambua maharagwe.